Kuku wa Kukombolea Gitaa

Jumatatu moja ya mwezi uliopita nilifukuzwa tena kwenye duka la magitaa. Si kufukuzwa kwa kusukumwa, hapana, kijana wa duka ana adabu zake. Aliniambia tu, "Dada, kama hununui usiguse," huku akifuta kwa kitambaa pale nilipopitisha kidole, utadhani mkono wangu una masizi.

Mimi ni msusi. Jumatatu saluni yetu haifunguliwi, na wenzangu siku hiyo wanafua au wanalala. Mimi naoga, navaa gauni langu la maua, naenda Kariakoo kutazama magitaa. Natoka duka hili naingia lile. Yapo mekundu, yapo meusi yanayong'aa kama viatu vya askari wa gwaride, yapo ya bluu. Nasimama mbele ya kila moja najiona nimelikumbatia, watu wamekaa kimya wananisikiliza. Kuota sijambo, wewe unanijua.

Lakini Jumatatu hiyo niliinama nikanusa. Nilipeleka pua kwenye tundu la katikati, pale sauti inapotokea. Likanuka gundi na plastiki. Nikanusa la pili, la tatu, yote ni hayo hayo. Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Mwanzo nilidhani ni hasira ya yule kijana na kitambaa chake. Kumbe siyo. Ilikuwa hasira ya zamani, hasira ya Tabora, imenifuata na reli mpaka hapa. Magitaa chungu nzima ukutani, hakuna hata moja linalonuka nta ya nyuki!

Ngoja nikueleze, maana nikinyamaza nitapasuka.

Nililelewa Chemchem, pale Tabora mjini, kwa babu na bibi. Ng'ambo ya njia palikuwa na karakana ya fundi seremala, na kazi yake ilikuwa mninga tu: vitanda, milango, makabati. Asubuhi sikuamshwa na jogoo, niliamshwa na randa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvuka na tenga kwenda kuzoa maranda ya kuwashia moto. Maranda ya mninga ni mekundu, yamejikunja kama nywele za mtoto, na moshi wake una utamu fulani. Mpaka leo nikisikia mtu anasema anapenda manukato namwonea huruma, hajanusa uji wa bibi uliopikwa kwa maranda ya mninga.

Gitaa la babu lilitokana na mabaki ya kitanda cha bibi harusi mmoja. Fundi alimaliza kitanda, vikabaki vipande, babu akavikalia mkao wa kula mpaka akapewa. Wakatengeneza wawili, mwezi mzima, wakigombana kila siku. Nyuzi zilikuwa waya wa breki za baiskeli. Waya wa breki ukiufumua unapata nyuzi nyembamba nyingi, na aliyekuwa akizifumua ni mimi, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vidogo. Viliniuma, vilitoka damu, nilijivunia. Labda ndiko nilikojifunzia kusuka.

Jumamosi ilikuwa siku ya nta. Bibi alikuwa akinunua asali na masega yake, anakamua, nta inabaki. Aliiyeyusha kwenye kopo juu ya mkaa, ananikatia kipande cha kanga kuukuu, nakaa barazani nalisugua gitaa mpaka naona pua yangu ndani ya mbao.

"Lisugue taratibu," babu alikuwa akisema. "Jifanye unamsugua mtoto mgongo."

Baada ya sala ya alasiri babu alilitoa kwenye msumari wake ukutani, akakaa nalo. Bibi anabangua karanga, mimi natafuna michembe, yale makopa ya viazi vitamu yaliyokauka hadi yanalia mdomoni kama kokoto. Babu hakuwa mpigaji mkubwa. Alijua nyimbo chache, na katikati ya wimbo alisimama kukohoa. Ila adhana ya magharibi ikianza alilaza kiganja juu ya nyuzi, zikanyamaza pamoja, na ile sauti ya kunyamaza ilikuwa nzuri kuliko nyimbo zenyewe. Nimejaribu kuitafuta kwenye maduka haya. Huwezi kuipata bila kugusa, na kugusa ni marufuku.

Sasa nikujulishe mtu mmoja, kwa sababu yeye ndiye kiini cha hasira yangu.

Kila jioni alikuja fundi viatu mmoja wa sokoni. Alikuwa Mzaramo, alipanda treni akiwa kijana akaja Tabora kutembea, akasahau kurudi. Babu ni Mnyamwezi. Kwa hiyo walikuwa watani. Naona vijana wa sasa wakisikia utani wanafikiri ni vichekesho vya kwenye simu. Siyo! Bibi alinieleza hivi: zamani wazee wetu walibeba mizigo vichwani kwa miguu, kutoka huku kwetu mpaka pwani. Mtu akiugua njiani, akifa mbali na kwao, alizikwa na watu wa pale alipoangukia. Wazaramo wametuzika sana, na sisi tumewazika. Ukishamzikia mtu ndugu yake huwezi tena kumnunia, unabaki kumtukana kwa kumpenda. Ndiyo utani.

Na walitukanana kweli.

"Mpagazi!" fundi viatu alianza tangu yuko njiani. "Umetua mzigo au bado uko kichwani?"

"Njoo uubebe wewe, mla nazi," babu anamjibu. "Mikono laini kama bibi harusi, ndiyo maana kazi yako ni kushona viatu vya watoto."

"Na hilo gitaa ukifa nalichukua. Nakwambia mapema usije ukashangaa kaburini."

"Lichukue. Utalipigia wapi, na kwenu mnajua ngoma tu?"

Bibi alikuwa akitikisa kichwa. "Hawa wasipotukanana hawapati usingizi."

Babu alifariki wakati wa masika, uyoga umejaa njiani, wanawake wanapita na mabeseni kichwani wakiuza. Alikohoa siku nne, ya tano hakukohoa. Nilikuwa na miaka kumi. Nyumba ikajaa. Mikeka barazani, masufuria ya kuazima, maharage, ubwabwa, na kuku. Kuku wa bibi walikwenda wote. Nilikuwa nasikia mbio uani, halafu kimya, halafu manyoya.

Sasa mimi nilikuwa na kuku wangu mwenyewe. Mtetea, wa aina ile ya shingo isiyo na manyoya, tulimwita Kishingo. Babu alinipa akiwa kifaranga kwa ujira wa kufumua waya. Wakati huo alikuwa anaatamia mayai tisa. Nilipoona visu vinanolewa, nilimbeba na mayai yake kwenye tenga la maranda, nikavuka naye kwa fundi seremala, nikamficha nyuma ya mbao. Fundi aliniona. Akasogeza ubao mmoja ukaziba vizuri.

Siku ya mazishi, jeneza linataka kutoka, fundi viatu akalala chini mlangoni, kifudifudi.

"Hatoki mtu hapa! Huyu mpagazi ana mzigo wangu!"

Watu walikuwa wanalia, wakaanza kucheka huku wanalia. Akanyanyuka, akavaa kofia ya babu, akashika bakora ya babu, akatembea kama babu, akakohoa kama babu. Kule chumbani nikamsikia bibi anacheka. Bibi, ambaye tangu alfajiri hakuwa amefungua mdomo! Halafu yule mzee akaenda ukutani, akalitungua gitaa kwenye msumari, akalitia shingoni.

"Mpagazi kaondoka kaacha mzigo," akatangaza. "Nimeubeba mimi. Anayeutaka alete kuku."

Kila mtu pale aliielewa. Ndivyo inavyokwenda. Mtani anachukua kitu cha marehemu, anazunguka nacho, anatia watu kicheko, na siku ya kuanua tanga wenye msiba wanakikomboa. Mtani hawezi kukirudisha bure, ni kama kusema marehemu hakuwa na watu. Na wenye msiba hawawezi kunyamaza, ni hivyo hivyo. Mkono wa huku utoke, na mkono wa kule utoke. Basi.

Siku ya tatu ikafika. Bibi alikuwa ameshaingia eda, haruhusiwi kutoka kwenda kuzungumza na wanaume barazani. Akaniita.

"Mwambie baba yako mkubwa atoe kuku, gitaa la mume wangu lirudi."

Baba mkubwa alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam, amevaa miwani ya jua, na hakuivua msibani. Nilimkuta anaongea na simu barazani. Fundi viatu alikuwa amekaa ukingoni mwa mkeka, gitaa mapajani, anapiga ovyo kwa makusudi, anamwigiza babu anavyokosea.

"Baba mkubwa, bibi anasema utoe kuku."

"Kuku gani?"

"Wa kukomboa gitaa."

Akacheka puani. "Karne hii bado mnakombolea vitu kwa kuku? Ndiyo maana huku hakuendelei." Akamgeukia mzee. "We mzee, weka hicho kitu chini uende zako. Kuku wameisha."

"Tafuta, mpagazi," fundi viatu akamjibu, bado anacheka. "Mbeba mizigo hawezi kukosa kuku. Hata mwenye kilema nampokea."

Watu wakacheka. Baba mkubwa hakupenda kuchekwa mbele ya wageni wake. Akasimama.

"Mzee, wewe ni mwizi. Unaiba msibani bila hata aibu."

Rafiki yangu, neno hilo! Hata randa ya ng'ambo ilisimama. Mtani unamwambia chochote, mla nazi, mvivu, sura mbaya. Mwizi humwambii, kwa sababu alichukua mbele ya macho ya watu wote, na alichukua kwa kuwa ni ndugu. Uso wa yule mzee ulikunjamana ukawa mdogo. Aliniangalia mimi. Sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati.

Nami nilikuwa na kuku! Hatua ishirini kutoka pale, nyuma ya mbao, nilikuwa na kuku mzima, ana uhai. Ningemwambia yule mzee, "Babu, subiri," nikavuka njia. Sikusema. Niliona kisu, niliona manyoya ya Kishingo, nikabana midomo.

Mzee akanyanyuka. "Nimekaa na baba yako miaka arobaini," akamwambia baba mkubwa taratibu, bila utani wowote. "Hajawahi kunitukana." Akaondoka na gitaa. Alikaa pembeni ya njia mpaka magharibi, mgongo kwetu, akingoja mtu yeyote atoke na chochote. Adhana ikaanza. Nikamwona analaza kiganja juu ya nyuzi. Kisha akaenda.

Bibi nilimwambia nini? Nilimwambia kuku wameisha. Akasema, "Hata yai angepokea."

Hata yai! Nilikuwa na mayai tisa.

Nilikaa siku mbili sili. Ya tatu nikamtoa Kishingo kwenye mayai yake, ananidonoa mikono, nikamfunga miguu, nikaenda sokoni mbio. Pale alipokuwa akikaa fundi viatu palibaki vipande vya ngozi, kisigino kimoja cha raba, na kopo la gundi lililokauka. Muuza kahawa wa jirani akaniambia, "Kapanda treni jana. Kasema amekaa ugenini vya kutosha." Nilirudi na kuku wangu mikononi, nalia njia nzima, watu wakidhani nimekatazwa kumuuza. Mayai yalishapoa, hakuangua hata moja. Na kabla mwezi haujaisha kicheche akamla Kishingo mwenyewe, akaniachia mbawa moja. Nilimhifadhia kicheche!

Basi ndiyo hasira niliyokuwa nayo pale Kariakoo nikinusa gundi. Namchukia baba mkubwa na miwani yake. Nawachukia watu wazima waliojaa kwenye ule mkeka, wenye mabanda ya kuku makwao, kila mmoja akingoja mwenzake atoe. Na yupo mtoto mmoja wa miaka kumi ambaye nikijaribu kumsamehe nakumbuka yale mayai.

Kijana wa duka alikuwa bado anafuta. Sijui nini kilinituma, nikamuuliza, "Kaka, kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

Nikacheka, kicheko cha kweli. "Kumbe mla nazi! Na unaninyima gitaa, mtani wako?" Nikalitungua moja ukutani, lile lililokuwa karibu, nikalitia shingoni. "Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Nimechukua. Ukilitaka lete kuku." Nikatembea zangu kuelekea mlangoni, taratibu, kwa madaha.

Akaniangalia kama anayeangalia kichaa. Halafu akapiga kelele. "Mwizi! Mwizi huyo!"

Kariakoo neno hilo si la mchezo, unajua mwenyewe. Vichwa viligeuka barabara nzima. Mwanaume mmoja akaacha mkokoteni wake. Nikasimama kizingitini na gitaa kifuani, na kitu pekee nilichofikiria ni uso wa yule mzee ulivyokunjamana. Sasa nilijua alikuwa anahisi nini.

Mlangoni pale barazani kuna mama lishe. Mama mnene, khanga kiunoni, mwiko mkononi. Akasimama mbele yangu akiwaziba wale watu kwa mwili wake.

"Mwizi gani anatembea kama anakwenda harusini? Nimemsikia kila neno. Wewe binti, umesema Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Usinishikamoo, mimi Mzaramo, mpagazi mkubwa wewe! Mmeacha kubeba mizigo, sasa mnabeba magitaa?" Akaangua kicheko, tumbo likitikisika, na wale watu wakaona hakuna kitu, wakarudi kwenye mambo yao. "Haya, unataka nini?"

"Kuku," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

Akafunua sufuria, akachota paja la kuku na mchuzi wake, akalitia kwenye sahani, akanipa kwa mikono miwili. Nami nikalivua gitaa shingoni nikampa kwa mikono miwili. Akamrushia yule kijana maneno, "Shika mali yako. Imekombolewa."

"Sasa, mama, hiyo kuku si ndiyo niliyokuagiza mimi?"

"Ndiyo hiyo. Leo utakula maharage. Na jioni mpigie simu bibi yako Kisarawe akufundishe watu wako ni akina nani."

Nilikaa kwenye benchi lake nikala. Nilikula kwa hasira, machozi yanaingia kwenye mchuzi, naye akijifanya hanioni, anapuliza mkaa wake. Umeona ilivyokuwa rahisi? Paja moja. Haikufika hata dakika tatu, na hakuna aliyepungukiwa isipokuwa kijana mmoja aliyekula maharage. Kule kwetu, kwa kitu hicho hicho, tulimpoteza mtu aliyecheka na babu miaka arobaini.

Nilimuuliza mama kama anamjua fundi viatu mmoja mzee, aliyeishi sana Tabora, mwenye gitaa jekundu la mbao. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Wazee wanaondoka, mwanangu. Na vitu vyao hatujui vinakwenda wapi."

Bibi naye hayupo siku hizi. Karakana ya ng'ambo wanauza vitanda vya chuma. Baba mkubwa aliipaka nyumba rangi, ule msumari akaupaka humo humo, ukabaki uvimbe tu ukutani. Nikienda huwa naupapasa.

Lakini Jumatatu sijaacha. Naendelea kuzunguka yale maduka, na yule kijana sasa ananiacha niguse, ingawa ananichunga kwa jicho. Nanusa kila tundu. Na uani pale ninapopanga, Gongo la Mboto, nimefuga mtetea mmoja, wa shingo tupu. Wapangaji wenzangu kila sikukuu wananiuliza namchinja lini. Nawajibu hachinjwi, huyu ana mwenyewe.